Majina Matatu Chini ya Gundi

Siku mama mkwe wangu alipofika shuleni kwetu Nyamira na gambuti zake za shambani, katikati ya kipindi cha hesabu, nilijua kuna mtu amegusa pabaya. Kemuma haji mjini na gambuti. Mjini huja na viatu vyeusi vya kanisani na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Alisimama mlangoni mwa darasa, watoto wangu wa gredi ya nne wakamgeukia wote, akasema bila salamu:

"Celestine, Abner anagawa kitabu chetu."

Niliwapa watoto kazi ya kuandika, nikatoka naye hadi kwenye tangi la maji. Hapo akanieleza. Sabato iliyopita, kanisani kwetu Manga, lilisomwa tangazo kwamba kanisa litakapotimiza miaka mia moja mwezi wa nane, "kitabu cha Mzee Omosa" kitaonyeshwa kwa waumini, kisha kitakabidhiwa wageni kutoka Nairobi wakakiweke kwenye kabati la vioo. Watu wakasema amina. Yeye hakusema. Alitoka, akarudi nyumbani kwa miguu, na kwa siku tatu alilima tu hadi alipoacha jembe shambani na kupanda boda boda kuja kwangu.

Niseme kidogo kuhusu huyu mama kabla sijasema kuhusu kitabu, maana nikianza na kitabu nitakasirika nisahau mpangilio. Ana miaka sabini na miwili. Aliolewa Manga akiwa na ishirini, akazaa watoto watano, akamzika mumewe Onyiego na mtoto mmoja. Mimi nimeolewa na Makori, kifungua mimba wake. Ana majani chai kwenye mteremko na migomba nyuma ya nyumba, na kama Waadventista wengi wa huku, amechuma chai maisha yake yote bila kuionja. Kwake kinywaji ni uji wa wimbi. Si mtu wa kelele. Hasira yake huingia mikononi. Abner, shemeji yake, alipopanda mikaratusi kando ya chemchemi na maji yakaanza kukauka, alimwomba aing'oe mwaka mzima. Mwaka ulipoisha alishuka na shoka, akaangusha miti kumi na mmoja peke yake, akaipanga vizuri kando ya njia, kisha akamtumia salamu aje achukue kuni zake.

Kitabu chenyewe ukikikuta njiani huwezi kuinama kukiokota. Ni kidogo, kinatosha kwenye kiganja. Wamishonari walikichapa kwa mashine ya mkono miaka ile ya ishirini, mwanzoni herufi na silabi, nyuma nyimbo arobaini, vyote kwa Ekegusii. Mistari yake imekwenda upogo na karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kilikaa miaka mingi ndani ya mkebe wa biskuti juu ya meko, ambapo moshi uliwafukuza mchwa, kwa hiyo ukikifungua kinanuka jikoni. Mhadhiri mmoja aliyekuja kukitazama miaka sita iliyopita alitwambia anajua nakala nyingine moja tu duniani, iko ng'ambo, nayo imepoteza nusu ya nyimbo. Abner alikuwepo siku hiyo, akinywa uji wetu. Tangu siku hiyo, mdomoni mwake, kitabu kikawa cha Mzee Omosa.

Hakikuwa cha Omosa hata siku moja. Kilikuwa cha Bosibori, mke wake wa kwanza. Msichana huyu aliteka maji ya bustani ya misheni ili aruhusiwe kukaa nyuma ya darasa la wanawake, na siku aliyosoma kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa, mke wa mmishonari alimpa kitabu kiwe chake. Akaandika jina lake kwa penseli kwenye ukurasa mtupu wa mbele: Bosibori, 1924. Kisha akamfundisha mume wake kusoma. Omosa alipojua kusoma akataka kubatizwa, na sheria ya kubatizwa ilikuwa mke mmoja. Yeye wakati huo alikuwa na wawili. Akamchagua yule mdogo, wakafungishwa ndoa kwa pete, na Bosibori akafutwa kwenye orodha ya kanisa. Yaani aliyemfundisha mtu kusoma alitolewa nje ili mtu huyo aingie ndani. Mara ya kwanza kuisikia hadithi hii nilidhani sijaelewa vizuri, nikaomba irudiwe. Ilirudiwa vilevile.

Bosibori hakwenda popote. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamelipwa na mwana alikuwa mgongoni. Alibaki kwenye nyumba yake upande wa chini wa shamba, na kitabu kikabaki naye. Huku kwetu mali ya mama hufuata nyumba yake, na kwa kuwa mabinti huolewa kwingine, mrithi wa kitu cha jikoni ni mke wa mwana. Bosibori akaweka na sharti. Mokamwana, yaani mke wa mwana, atasimama asome wimbo wa kwanza bila kukwama, kisha ataandika jina lake chini ya la mwenzake. Sio jina la mume, sio la mtoto. Jina alilopewa kwao. Sharti hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu huku mwanamke akiolewa jina lake huenda likizo. Anakuwa mke wa fulani, halafu mama fulani, halafu omong'ina, mwanamke mzee, basi. Mama mkwe wangu amekaa Manga miaka hamsini na miwili, na ukiuliza njiani nyumba ya Kemuma watu watakuangalia tu.

Nyaboke aliandika mwaka 1951 kwa wino wa buluu. Kemuma aliandika mwaka 1979 kwa biro. Miaka saba ilimchukua, maana alikuwa ameachia shule darasa la tatu, na alijifundisha upya kwa kurasa za mbele za kitabu hichohicho, mtoto kifuani na sufuria motoni. Mimi bado sijaandika. Nilikulia Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyoachwa na Wazungu, ambapo majirani walitoka kila kabila na Kiswahili ndicho kilituunganisha, na wimbo ule umenishinda mara mbili. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bado." Nina digrii ya ualimu.

Abner ni mjukuu wa yule wa pete. Ni mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mtu wa suti hata siku ya kuchanja ng'ombe. Mwezi wa tatu alikuja na wanakamati wawili, akakaa, akaomba kitabu kwa wiki mbili tu, wapige picha za sherehe. Kemuma akampa. Hana ugomvi na kanisa lake, na mtu hakatai kitu kinapoombwa kwa heshima mbele ya mashahidi. Wiki mbili zikawa miezi minne. Mara kitabu kiko kwa mpiga picha, mara kwa pasta, mara ufunguo wa kabati umesafiri na mtu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa anaizungukia.

Jioni ileile tulienda kwake. Hapa lazima nieleze jambo moja. Abner kwangu ni baba mkwe, hata kama si aliyemzaa mume wangu, na sisi tuna chinsoni, adabu za kuoneana haya. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hamkazii macho, na hajibizani naye. Nikisema neno moja la hasira mbele yake, aibu inarudi kwa Makori na kwa nyumba nzima. Abner alilijua hilo vizuri. Nilisimama kando ya zizi nikiangalia nyasi.

"Kitabu kiko wapi?" Kemuma akauliza.

"Kiko salama, shemeji. Nilikipeleka Kisii kikarembeshwe. Kilikuwa kimechakaa, si cha kuonyesha wageni."

"Nani alikwambia kina ubaya?"

"Hicho si kitabu cha mtu mmoja. Ni cha boma. Ni cha kanisa. Mzee ndiye alikuwa msomaji wa kwanza hapa."

"Aliyesoma ni Bosibori."

"Wanawake wamekitunza," Abner akasema kwa upole wote. "Hakuna anayekataa. Mmekitunza vizuri na Mungu atawalipa."

Wamekitunza. Kama vile mtu anavyomshukuru mlinzi wa lango. Nilizihesabu nyasi hadi nikakosa hesabu.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaenda na Kemuma Kisii. Anayejalidi vitabu kwa mikono mjini ni mmoja, duka la mzee Gopal, ambalo mbele linauza madaftari na kalamu, na nyuma linajalidi tasnifu za vyuo na rejista za ofisi. Siku hizi Gopal hukaa kaunta na gazeti lake la Kigujarati. Anayejalidi ni Lalita, mke wa mwanawe, aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Tulipotaja kitabu kidogo cha zamani, akafuta mikono kwenye aproni na uso wake ukabadilika.

"Mzee aliyekileta alikichukua wiki jana," akasema. "Mama, kilikuwa chako?"

"Ni changu."

"Basi nitasema yote. Alitaka ganda jekundu na maandishi ya dhahabu, Kitabu cha Mzee Omosa. Nikafanya, ni kazi. Halafu akataka ukurasa wa mbele wenye majina nibandike karatasi nyeupe juu yake, isionekane kitu. Nikamuuliza majina ni ya nani. Akasema ni aibu ya kifamilia, wageni wataelewa vibaya."

"Aibu," Kemuma akarudia.

"Nilimwambia si vizuri. Kitabu cha zamani bila majina ya wenyewe ni kama mtoto wa kuokota. Akasema yeye ndiye mteja." Lalita akapunguza sauti, ingawa mzee Gopal alikuwa ameshaacha gazeti na kusikiliza. "Sikutumia gundi ya dukani. Baba alinifundisha kwamba kitu cha zamani hakibandikwi kwa kitu kisichobanduka. Nilipika uji wa ngano na mrututu kidogo, mende wasile. Ukiuonyesha mvuke, unaachia. Polepole, mama. Usitumie kisu. Tumia ubapa wa mwiko."

Kemuma alimshika mkono yule mwanamke kwa muda mrefu. Barabarani aliniambia kwamba katika watu wote waliokigusa kitabu tangu mwezi wa tatu, ni mmoja tu aliyeuliza majina ni ya nani, na huyo hata si Mgusii. Mimi nilitaka twende kwa chifu. Nilitaka twende kwa wakili. Nilitaka, kusema kweli, kumwagia mtu maji ya moto. Yeye akasema tungoje sherehe, kwa sababu kitu kilichofichwa kwa ajili ya wageni kinafunuliwa mbele ya wageni.

Sabato ya miaka mia moja, hema mbili zilisimamishwa nje ya kanisa na wageni wa Nairobi wakapewa viti vyenye mito. Kitabu kilikuwa mezani chini ya mimbari, juu ya kitambaa cha kufuma, chekundu kama kijitabu cha benki. Wakati wa shule ya Sabato, watu walipogawanyika vikundi kwenda nje, Kemuma alitembea hadi mezani, akakitia chini ya kanga yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimfuata. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, anaiba kitu chake mwenyewe kanisani kwake mwenyewe.

Jikoni akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, walikuwa wakipasha uji wa wageni uliopikwa Ijumaa. Kemuma akamwomba Marion, msimamizi wa sufuria, afunue kifuniko nusu. Akakishika kitabu juu ya mvuke, mbali kidogo, akakiondoa, akakirudisha, huku akiujaribu ukingo wa karatasi kwa ubapa wa mwiko. Wino wa Nyaboke ni wa maji. Unyevu ukizidi, umekwenda. Wanawake waliacha kukoroga. Kona ikaachia. Kisha upande mzima, taratibu, na ile karatasi nyeupe ikajikunja ikaanguka kwenye majivu.

Marion akainama kusoma. "Bosibori. Nyaboke. Kemuma. Ni akina nani hawa?"

"Wa mwisho ni mimi."

"Wewe?" Marion amepika naye jikoni humo miaka thelathini. "Mama Makori, wewe unaitwa Kemuma?"

La Nyaboke lilikuwa limechuja kidogo pembeni, buluu ikasambaa hadi kwenye mwaka. Lakini lilisomeka. Kemuma akalipulizia kama mtu anayepoza uji wa mtoto, kisha akaingia kanisani kwa mlango mkubwa.

Abner alikuwa mimbarini akisoma historia. Alikuwa amefika pale ambapo Mzee Omosa, kijana mwenye kiu ya nuru, anapokea kitabu kutoka mkononi mwa mmishonari. Alipoinua macho kuonyesha meza, meza haikuwa na kitu. Akamwona Kemuma akija katikati ya mabenchi, na nyuma yake Dorkasi wote na aproni zao.

"Shemeji, tafadhali, ibada inaendelea," akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Najua. Nimekuletea kitabu usome."

Akaona ukurasa uliofunuliwa. Akageuza uso pembeni na kunong'ona, lakini kipaza sauti hakijui siri. "Nilifunika kwa heshima ya mzee. Wageni wakiona wanawake watatu kwenye kitabu chake, watasema ni wake zake. Mzee wa kwanza wa kanisa, wake watatu!"

Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenda hadi kwenye mahema. Kemuma hakucheka. Mimi pia sikucheka. Huyu mtu amekula kwa Nyaboke utotoni, na mwenye jina la tatu amesimama mbele yake.

"Wa kwanza alikuwa mke wake," akasema Kemuma. "Mlimtoa humu ili yeye aingie. Wa pili aliolewa na mwanawe. Wa tatu ni mimi, na mimi Omosa sikumkuta hai. Soma."

Abner aliwatazama wageni. Mmoja wao, mama mwenye miwani, akaitikia kwa kichwa kwamba asome. Akasoma majina yote matatu na miaka yake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mwisho hakuna aliyesema amina kwa sababu hakuna aliyejua kama inafaa.

"Sasa tuambie la nyanya yako," Kemuma akasema. "Yule wa pete. Naye atajwe leo, si vibaya."

Abner akafungua mdomo. "Mama Mzee," akasema.

"Hilo ni la mumewe."

"Nyina Ongeri."

"Hilo ni la baba yako. Lake."

Aliangalia benchi la wazee. Wazee wakaangalia viatu vyao. Aliangalia upande wa dada zake, wanawake wawili wa umri mkubwa, na wao wakaangaliana. Kanisa lote likangoja, na nakwambia ukweli, ule ukimya niliufurahia. Kemuma alipoona haliji, akachukua kitabu kutoka mikononi mwake, akakifunga, tukaenda nyumbani. Wageni walikifuata hadi kwetu alasiri, wakaomba kupiga picha kurasa zote pamoja na ule wa mbele, wakaruhusiwa, wakaondoka bila kitabu.

Jumanne yake Abner alikuja. Nilikuwa kibarazani na Kemuma nikimenya ndizi, nikamwona mbali akipanda njia peke yake, bila suti. Ningekuwa na ruhusa ya kusema, ningemwambia arudi alikotoka. Alisimama uani, akavua kofia. Hakuomba msamaha, labda ndilo alilokuja kusema, likamshinda. Alisema ameuliza jina la nyanya yake kwa dada zake, akauliza kwa wazee wa ukoo. Akaenda kwa karani wa kanisa, wakafungua rejista ya kwanza ya ndoa.

"Imeandikwa mke wa Omosa," akasema. "Hiyo tu. Na kwenye ubatizo, mke wa Omosa. Shemeji, huko kwenye kitabu, labda Bosibori alimwandika mahali. Waliishi boma moja."

"Hayumo, Abner."

"Labda pembeni mwa wimbo. Kwa penseli."

Nilingoja Kemuma amfukuze. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na kisu cha ndizi mkononi na hasira ya miezi mitano. Badala yake aliingia ndani akautoa mkebe, akakaa kwenye kigoda, akavaa miwani. Akakifungua kitabu kutoka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, wimbo wa kwanza hadi wa arobaini, akielekeza kila pambizo kwenye mwanga, huku shemeji yake amesimama juani na kofia mkononi, na wote wawili walijua hayumo.